Mwalimu Mwanafunzi Amefika Kijijini Kwako

Ndugu msomaji, labda umemwona. Ameshuka kwenye basi na begi, ndoo, na godoro lililoviringishwa. Asubuhi ameonekana akienda shuleni. Ameshika daftari kubwa na karatasi ngumu zilizokunjwa. Watoto wanamwita mwalimu. Ukimwuliza mwenyewe, anasema bado ni mwanafunzi.

Majina yote mawili ni ya kweli. Huyu ni mwalimu mwanafunzi. Anasoma katika chuo cha ualimu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunavijua vyuo vya Butimba, Murutunguru, Bunda, Tarime na Katoke, na mikoa mingine ina vyake. Chuo kimemleta kijijini kwako kwa wiki kadhaa ili afanye mazoezi ya kufundisha. Atafundisha watoto wako. Kisha atarudi chuoni.

Utaniuliza: Bwana Shamba, tangu lini umeacha pamba ukaingia mambo ya shule? Sikuacha pamba. Chupa ya dawa ya pamba ina kibandiko. Kibandiko kinasema uweke dawa kiasi gani katika maji kiasi gani. Kinasema uvae nini, na usubiri siku ngapi kabla ya kuingia tena shambani. Mimi siwezi kusimama katika kila shamba. Nikiondoka, kibandiko ndicho kinachobaki. Mtu asiyesoma kibandiko anaweza kuzidisha dawa akaunguza mimea, au akajidhuru mwenyewe. Mtu huyo alianza kupotea alipokuwa darasa la kwanza na la pili, mbele ya ubao, bila mtu kutambua. Ndiyo maana kila nipitapo shuleni husimama.

KAZI HUJIFUNZWA KAZINI

Chuoni mwalimu hufundishwa mambo mengi. Hufundishwa jinsi mtoto anavyokua na anavyofikiri. Hufundishwa masomo yenyewe, na njia za kuyafundisha. Lakini darasa la chuoni halina watoto. Halina mtoto aliyekuja bila kula. Halina mtoto anayesinzia kwa sababu usiku alilinda mbuzi. Hapo chuoni wanafunzi hufundishana wao kwa wao. Mmoja anajifanya mwalimu, wengine wanajifanya watoto. Ni zoezi zuri, ila wale "watoto" wote wanajua jibu.

Wewe mkulima unalielewa jambo hili. Naweza kukueleza chini ya mwembe kwamba mahindi yapandwe sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, na sentimeta 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja moja. Utaitikia kwa kichwa. Lakini siku utakapojua ni siku utakaposhika kamba na jembe, na mimi nikiwa karibu nikikuambia, "Hapo umebana, sogeza." Chuo cha kilimo nilichosoma kilitupeleka shambani kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwalimu mwanafunzi anahitaji vitu viwili. Anahitaji watoto wa kweli. Na anahitaji mwalimu mzoefu wa kukaa naye karibu. Huyu wa pili huitwa mwalimu mlezi. Mimi nasema kwamba bila mlezi, mazoezi hayo si mazoezi. Ni kumpa mgeni zamu.

DAFTARI KUBWA LINA NINI?

Umeona daftari lile analoshika. Ndani yake mna andalio la somo. Kabla ya kila kipindi, lazima aandike atakachofanya. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Katika dakika 30 hizo hawezi kubahatisha.

Andalio huanza na tarehe, darasa, na idadi ya watoto. Huandikwa walioandikishwa ni wangapi na waliofika leo ni wangapi. Halafu huandikwa mtoto atakuwa anaweza kufanya nini kipindi kikiisha. Kwa mfano: "Mtoto aweze kutoa namba mbili kwa kuvunja kumi." Halafu huja zana, yaani vitu atakavyovitumia. Halafu hatua za somo, moja baada ya nyingine, na dakika zake. Mwisho kuna nafasi ya tathmini. Hapo huandika baada ya somo: wangapi wameelewa, wangapi hawakuelewa, na kesho atafanya nini.

Nafasi ile ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Ndiyo inayoonyesha mwalimu mkweli. Walimu wanafunzi wengi huandika pale, "Somo limeeleweka." Kila siku limeeleweka! Mkulima anayeandika kila mwaka kwamba mavuno yalikuwa mazuri, huyo haandiki habari za shamba lake.

42 TOA 17

Sasa nikusimulie nilichokiona mwaka juzi, katika shule moja ya kata ninayohudumia.

Walimu wanafunzi wawili walikuja pamoja, kijana wa kiume na binti. Wote walipewa darasa la pili, kila mmoja mkondo wake. Kila mkondo ulikuwa na watoto zaidi ya 90. Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Hapo kila mmoja alibeba mara mbili.

Yule kijana alipokelewa kwa furaha. Mwalimu wa mkondo wake alimkabidhi chaki na kitabu cha mahudhurio. Akamwambia, "Karibu sana, sasa nitapumua kidogo." Hakuonekana tena darasani kwa wiki mbili. Siwezi kumlaumu peke yake. Shule ilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu, na yeye aliitwa kusaidia darasa la saba lililokaribia mtihani. Hata hivyo kijana alibaki peke yake na watoto 90.

Nilimkuta akifundisha kutoa. Aliandika ubaoni 42 toa 17. Akaeleza kwa haraka: "Mbili toa saba haitoshi, tunakopa kwa jirani, inakuwa kumi na mbili." Watoto wakaitikia kwa sauti moja, "Kumi na mbiliii!" Akaandika jibu, 25. Watoto wakanakili. Darasa lilipendeza kwa mbali. Kulikuwa na sauti, kulikuwa na nidhamu.

Nilichukua daftari la mtoto aliyekaa mlangoni. Zoezi lilikuwa 53 toa 28. Ameandika 35. Jirani yake naye 35. Na wa nyuma yake 35. Unaona walivyofanya? Walichukua 8 wakatoa 3 wakapata 5. Wakachukua 5 wakatoa 2 wakapata 3. Kila mara walitoa ndogo kutoka kubwa, bila kujali ipi iko juu. Jibu la kweli ni 25. Watoto hawa hawakuwa wajinga. Walijitungia kanuni yao, nayo ina akili ndani yake. Lakini hakuna aliyewauliza, "Umepataje?"

Kijana hakuuliza kwa sababu hakujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Nani angemwambia?

Upande wa pili wa ukuta alikuwa yule binti. Mlezi wake alikuwa mwalimu wa kike mwenye umri mkubwa, amebakiza miaka michache kustaafu. Mama huyu hakutoka darasani. Alikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda juu, na daftari lake dogo mkononi. Somo la siku ya kwanza la binti lilikuwa kama la kijana yule. Kukopa kwa jirani, watoto kuitikia, na jibu ubaoni. Kipindi kilipoisha nilikuwa pale, nikasikia mazungumzo yao.

"Mwanangu, umefundisha vizuri sauti yako ikasikika hadi nyuma. Sasa niambie, huyo jirani anayekopwa ni nani?"

"Ni ile nne, mwalimu."

"Nne ngapi?"

Binti akasita. "Ni makumi manne, mwalimu."

"Wewe unajua ni makumi manne. Watoto wanajua?"

"Sidhani, mwalimu."

"Basi jioni hii tukate mabua."

Jioni walikata mabua ya mtama, vijiti vifupi vifupi vya urefu wa kidole. Watoto waliobaki waliwasaidia. Wakafunga kumi kumi kwa nyuzi za katani. Kesho yake binti aliweka juu ya meza mafungu manne na vijiti viwili pembeni. Ni 42. Akamwita mtoto mmoja mbele. "Nipe vijiti 17."

Mtoto akachukua fungu moja, hilo ni kumi. Akatafuta vijiti saba. Pembeni kuna viwili tu. Akamtazama mwalimu. Binti alinyamaza. Nilimwona mlezi wake kule nyuma amemwekea kidole mdomoni kumkumbusha anyamaze. Darasa zima lilinyamaza. Kisha mtoto mmoja wa kike, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, akapaza sauti kutoka katikati: "Fungua kamba!"

Wakafungua fungu moja. Sasa mafungu ni matatu na vijiti vya pembeni ni 12. Akatoa saba, vikabaki vitano. Akatoa fungu moja, yakabaki mawili. Ishirini na tano. Halafu ndipo binti aliandika ubaoni, taratibu, tarakimu baada ya tarakimu, huku akionyesha fungu lililofunguliwa.

Msomaji, jaribu wewe mwenyewe jioni hii kwa njiti za kiberiti. Jaribu 53 toa 28. Kama nawe ulijifunza kukopa bila kujua unakopa nini, utafurahi.

MAHALI NA MAHARI

Kuna jambo jingine ambalo chuo hakiwezi kulifundisha kikamilifu, nalo ni lugha ya nyumbani. Watoto wetu wengi huku huingia darasa la kwanza wakiongea Kisukuma. Kiswahili wanakisikia dukani na redioni. Darasani wanakutana nacho ubaoni. Katika Kisukuma herufi "l" na "r" hazitenganishwi kama katika Kiswahili. Kwa hiyo mtoto anaandika "kura" akitaka kusema "kula", na "mahari" akitaka kusema "mahali". Akienda kupiga kura siku moja, asije akaambiwa amekwenda kula!

Mwalimu mgeni kutoka mbali husikia hayo, naye hucheka. Darasa lote hucheka. Mtoto aliyechekwa hanyanyui mkono tena mwaka mzima. Mwalimu aliyelelewa vizuri hufanya tofauti. Huandika maneno mawili mawili ubaoni: kula na kura, mahali na mahari. Huwaambia watoto waweke kidole mdomoni wasikie ulimi unavyofanya. Huwaacha wacheze nayo. Yule mama mlezi alimfundisha binti hilo, maana yeye mwenyewe ni mtu wa huku na aliwahi kuchekwa.

Hapo na wewe mzazi unaweza kumfundisha mwalimu. Mwambie lugha ya nyumbani kwenu inatamkaje. Mwambie mifano ambayo watoto wataielewa. Mfano wa treni hauna faida kwa mtoto ambaye hajawahi kuona reli. Mfano wa mtumbwi, mnada wa ng'ombe au mzani wa pamba utaingia mara moja.

"UALIMU PASIPO ELIMU"

Wazee wanakumbuka kwamba jambo la kufundisha huku ukijifunza si geni nchini. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Iliamua kwamba watoto wote wa umri wa shule waingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Tofali lilikuwa la kijiji, na maji yalichotwa na akina mama. Walimu hawakutosha hata kidogo.

Serikali ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba. Waliwekwa katika shule za vijijini wafundishe, na hapo hapo wajifunze ualimu. Walipata masomo kwa posta. Walisikiliza vipindi vya redio. Waratibu wa elimu wa kata na walimu waliokwisha kuhitimu waliwasimamia. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Mpango wa elimu kwa watoto wote uliitwa UPE. Watu wenye mzaha wakasema maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo ulienea nchi nzima, na mpaka leo utausikia. Mimi siupendi. Aliyenifundisha kusoma alikuwa mmoja wa walimu hao. Ni kweli elimu yao ilikuwa fupi, na wengine walishindwa kazi. Lakini waliolelewa vizuri na mratibu au mwalimu mkuu aliyeingia darasani mwao, walikuja kuwa walimu imara. Tofauti ilitoka kwa mtu aliyekaa nyuma ya darasa.

Baadaye jambo lilijirudia. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Watoto walimiminika. Walimu wengi wa wakati huo walisoma mwaka mmoja chuoni, na mwaka wa pili waliumaliza shuleni wakifundisha. Tangu Januari 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne, na madarasa yakafurika tena. Kila watoto wanapoongezeka, nchi huwategemea walimu wapya. Na mwalimu mpya humaliza kujifunza kazi yake katika shule kama ya kijijini kwako.

Hata Mwalimu Nyerere alipitia huko. Alisomea ualimu Makerere, Uganda. Alifundisha Tabora, na baadaye Pugu. Aliacha kufundisha mwaka 1955, lakini watu hawakuacha kumwita Mwalimu.

FIMBO

Lazima niseme neno juu ya fimbo, maana wazazi wengine humwambia mwalimu mgeni, "Mtoto huyu nimekupa, nirudishie mifupa tu." Maneno hayo ni mabaya. Kijana wa miaka 20, peke yake mbele ya watoto 90, anaweza kuyashika.

Mwaka 2016, katika shule moja ya sekondari mjini Mbeya, walimu wanafunzi walionekana katika picha za video wakimpiga mwanafunzi mmoja kwa mikono na mateke. Picha zile zilienea nchi nzima. Walichukuliwa hatua, na ualimu wao uliishia pale. Mtoto aliumizwa.

Kanuni za mwaka 2002 zinasema wazi. Fimbo hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Haizidi minne. Lazima iandikwe katika kitabu. Mwalimu mwanafunzi hana ruhusa ya kujichukulia fimbo. Binti yule na vijiti vyake hakupiga mtoto hata mmoja kwa wiki zote alizokaa, na darasa lilimsikiliza. Kijana wa mkondo wa pili alianza kuchapa wiki ya tatu. Mtu aliyeachwa peke yake hushika kilicho karibu.

SHAMBA LA SHULE

Na hili nalo ni la kwangu, usishangae. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zetu nyingi zina shamba. Nia ilikuwa shamba liwe darasa. Katika shule nyingi limekuwa adhabu. Mtoto akichelewa, anapewa jembe. Baadaye tunamtaka apende kilimo!

Mwalimu mwanafunzi ana nguvu mpya na anatafuta zana. Mpeleke shambani. Kama mstari wa mahindi una urefu wa meta 30, na kati ya shimo na shimo kuna sentimeta 30, utaingia mashimo mangapi? Darasa la tano wapime wenyewe kwa kamba. Watapata 100, na wengine watapata 101 kwa sababu wamehesabu shimo la kwanza na la mwisho. Waache wabishane. Wote wana hoja. Mimi nikiitwa huja, na walimu wawili walishawahi kuniita.

MZAZI UNAYESOMA SASA

Wewe unayesoma gazeti hili umepata silaha. Usingoje barua ya mwalimu mkuu. Jioni chukua daftari la mtoto. Tazama tarehe. Je, kuna kazi ya leo? Je, imesahihishwa? Penye kosa, je, mtoto amerudia akapata? Vema vyote vikiwa vimepigwa kwa haraka hata penye kosa, mwalimu amezidiwa. Nenda ukamwone kwa heshima, usiende kumgombeza.

Kisha mwambie mtoto akusomee. Hapa uwe mwangalifu. Watoto hukariri. Mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima huku anatazama dari, kwa sababu ameusikia mara kumi. Fanya hivi: funika picha kwa mkono. Weka kidole kwenye neno la katikati ya ukurasa. Muulize, "Hili ni neno gani?" Rudi nyuma maneno matatu, uliza tena. Halafu mpe gazeti hili, asome mstari ambao hajawahi kuuona. Tangu mwaka 2015 mkazo wa darasa la kwanza na la pili ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mtoto wa darasa la pili anapaswa kuujaribu mstari huo. Akishindwa, usimpige. Mwambie mwalimu siku ya pili, hata kama ni mwalimu mwanafunzi. Hasa yeye. Ataandika katika ile nafasi ya mwisho ya andalio lake.

Mama mmoja wa kijiji kile alifanya hivyo. Ni yule mama mzazi wa mtoto aliyesema "Fungua kamba". Alikwenda kwa binti akamwambia, "Mwalimu, huyu anajua hesabu ya vijiti lakini hasomi. Nimefunika picha, amekwama." Binti alishtuka, maana mtoto huyo alikuwa anaitikia vizuri na wenzake. Alimweka mbele. Walirudia silabi kwa wiki tatu, dakika 10 kabla ya kengele ya asubuhi. Binti alipoondoka, mtoto alikuwa anasoma sentensi fupi. Hakufika mbali zaidi ya hapo wakati ule. Mlezi aliendelea naye.

WALALE WAPI?

Sasa jambo la kijiji. Mwalimu mwanafunzi ana fedha kidogo, na huchelewa kuzipata. Hana shamba hapa. Hana ndugu. Kijana wa kiume hulala popote, ingawa si vizuri. Binti hawezi. Yule binti wa vijiti alilala siku nne za kwanza katika ofisi ya shule, mlango umeegemezwa dawati. Nilipomweleza mwenyekiti wa kijiji, alisema hakujua. Mwalimu mlezi ndiye aliyemchukua nyumbani kwake. Walikula pamoja na kuandaa masomo pamoja mbele ya taa. Labda ndiyo maana alijifunza haraka kuliko mwenzake. Yule kijana alipanga chumba sokoni, kilometa sita kutoka shuleni, na alikuwa akitembea kwa miguu. Akifika amechoka, na daftari lake halijaandikwa.

Jambo hili kamati ya shule inaweza kulishughulikia kabla mgeni hajafika. Chuo hupeleka taarifa, na mwalimu mkuu anajua watakuja wangapi. Kamati imwulize maswali mawili. Watalala wapi? Na nani atakuwa mlezi wa kila mmoja, tena atakaa darasani vipindi vingapi kwa wiki? Swali la pili kamati nyingi haziulizi, zikidhani ni mambo ya kitaalamu. Lakini watoto ni wa kijiji. Kama walimu ni wachache na mlezi hawezi kukaa kila siku, basi akae vipindi viwili au vitatu kwa wiki, vijulikane, na vifuatwe. Mkufunzi wa chuo huja mara chache tu. Hukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, huandika alama, halafu huondoka na gari. Yeye hawezi kuwa mlezi.

Na wakati wao wakiwapo, tusiwaondoe watoto darasani. Mwaka ule, wiki ya nne ya mazoezi iliangukia wakati wa kuvuna pamba. Nusu ya watoto hawakuonekana. Mimi ni mtu wa pamba, najua pamba ikikomaa haingoji. Lakini asubuhi ni ya shule. Mchana mtoto anaweza kusaidia kuchambua.

Katika kijiji kile kamati iliamua kujenga nyumba ndogo ya vyumba viwili karibu na shule, kwa ajili ya walimu wapya na walimu wanafunzi. Matofali yalifyatuliwa na wazazi wa darasa la pili kwanza, halafu wengine wakafuata. Kuta zimesimama hadi usawa wa linta. Yanahitajika mabati 28, mbao za paa na milango miwili. Kila kaya imepangiwa mchango, na waliotoa hawajafika nusu. Chuo kimeshaandika barua: mwaka huu wanakuja watatu, na wawili ni mabinti. Mkutano wa kijiji umeitishwa siku ya Alhamisi, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa ghala la pamba.